Jumamosi za Maji

Upande wetu wa Nakuru, ule wa juu unapoelekea Kiamunyi, maji ya mfereji yalikuwa yakija Jumamosi. Siku nyingine mfereji ulikohoa tu, ukatema hewa na kutu, ukanyamaza. Jumamosi asubuhi ndipo yalipokuja, na hata hivyo hayakufika kila nyumba. Yalifika kwenye kioski karibu na soko, na watu walipanga mitungi yao foleni kabla jua halijatoka. Nalisema hili mwanzo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Mkutano wa kikundi chetu cha vijana ulikuwa Jumamosi asubuhi. Maji yalikuwa Jumamosi asubuhi. Na mimi ndiye niliyeandika ni nani amefika na ni nani hakufika.

Sikuwa kijana hata wakati huo. Nilikuwa nimestaafu kazi ya karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa mjini, kazi niliyoipata nilipomaliza kidato cha nne na ambayo sikuiacha mpaka kiwanda chenyewe kilipofunga lango. Karani wa stoo hapendwi. Anaketi nyuma ya dirisha dogo, na msumari hautoki bila sahihi. Mafundi waliniita majina mengi, mengine mpaka leo siwezi kuyaandika, lakini hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Nilitoka pale na saa ya ukutani na jina safi. Saa iliharibika mapema. Jina nililibeba kama mtu abebavyo mayai.

Vijana walinifuata kwa sababu ya jina hilo. Kikundi chao kilikuwepo kabla yangu, na kilikuwa kimevunjwa na rejista. Katibu wao wa kwanza alikuwa kijana mcheshi aliyependwa na watu, ila hakuandika kitu wiki hadi wiki. Afisa aliyesimamia misaada ya vikundi akituma ujumbe kwamba anakuja kukagua, katibu yule alinunua kalamu za rangi mbalimbali, akaketi alasiri moja na kuandika mikutano ya mwaka mzima, akibadilisha kalamu na mwandiko, kisha akapaka kurasa chai kidogo ili zionekane zimeshikwashikwa. Huko ndiko kupika rejista, na si kikundi kimoja tu kilichopika. Siku moja afisa alisoma kwamba mwanachama fulani alihudhuria mkutano wa mwezi uliopita na kuchangia hoja kuhusu usafi wa mazingira. Afisa huyo alikuwa amesimama kwenye kaburi la mwanachama huyo kabla ya mwezi huo kuanza. Msaada ulikatwa siku hiyohiyo.

Basi wakaja kwangu, watatu, wakiongozwa na mwenyekiti mpya. Alikuwa na kibanda cha kinyozi, na hata akiwa amekaa vidole vyake vilicheza kana kwamba vinashika mkasi.

"Mzee," alisema, "tunataka mtu hawezi kupika rejista. Tumeuliza kila mahali tukaambiwa ni wewe. Wanasema hata mathe hapa nyumbani hapewi sukari kabla hajaweka sahihi."

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni: "Si sukari tu, mwanangu. Hata chumvi."

Tulicheka sote. Nilicheka zaidi kuliko wao, kwa sababu niliona nimesifiwa. Nikawaambia nitakubali kwa sharti moja. Rejista itasomwa mara tu baada ya sala ya kufungua mkutano. Kila mtu ataitikia kwa mdomo wake mwenyewe. Nikimaliza jina la mwisho nitapiga mstari mwekundu, na baada ya mstari huo hakuna jina litakaloguswa, hata awe mwenyekiti, hata awe mwanangu wa kumzaa. Wakatazamana, wakakubali. Walikuwa wamechomwa na moto wa uongo, na mimi niliwapa kitu kilichofanana na ukweli.

Mradi ulikuwa kitalu cha miche. Kanisa lilitupa uwanja nyuma ya ukumbi wake, na shirika moja la kusaidia vijana likatupa wavu wa kivuli na mifuko ya kuoteshea. Tulipanda mukima, mti wa kukua upesi, kwa wale waliokuwa wakijenga Kiamunyi na kutaka uzio wa haraka, parachichi kwa wake zao, na miti ya kienyeji kwa sababu shirika liliipenda. Lilikuwa wazo zuri. Nyumba zilikuwa zikiota kule kama uyoga, na kila mwenye nyumba mpya huona aibu ya kukaa kwenye vumbi bila mti.

Lakini mche ni mtoto, unataka maji. Mvua ilipokatika, Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, ilibidi mtu aende kwenye foleni ya kioski na mkokoteni wa kanisa. Mwenyekiti aliuliza nani anakwenda. Vijana wa kiume wakaanza kukagua viatu vyao. Ndipo akasimama msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Mimi naenda," alisema. "Lakini mniwekee mandazi."

Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kwa kukosa kwa kwenda. Mama yake alichoma mahindi kwenye njia panda ya barabara kuu, na msichana huyu alikuwa amerithi mdomo wa mama yake pamoja na mikono yake. Alikwenda. Mandazi hawakumwekea. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyeuliza tena nani anakwenda. Mkokoteni ulikuwa umeshaondoka. Kazi hiyo ikawa yake. Alitoka giza likiwa bado lipo, akapanga mitungi, akangoja, akasukuma kilima kile chote, na alipofika mkutano ulikuwa ukikaribia sala ya kufunga. Tulimsikia kabla ya kumwona. Gurudumu moja la mkokoteni lililia kama mbwa mwenye njaa, na mlio huo ulipanda kilima polepole huku sisi tukijadili mambo.

Mara ya kwanza aliingia akijifuta mikono kwenye sketi, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Mzee, nimefika."

"Umefika sasa," nikamjibu. "Rejista ilifungwa."

"Lakini si nilikuwa kwa kazi ya kikundi?"

"Rejista haiulizi ulikuwa wapi. Inauliza kama uko."

Wenzake wakacheka. Yeye pia akacheka, na akiwa bado anacheka akasema, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Basi niandike kama nimekufa, mzee. Hii kikundi si wafu ndio huhudhuria mkutano?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, mwenyekiti akafunika uso kwa mikono, hata mchungaji aliyekuwa akipita nje akachungulia kuona kuna nini. Mimi sikucheka. Ulikuwa mzaha tu, na haukunilenga mimi. Ulimlenga yule katibu aliyenitangulia. Lakini nilihisi shati langu limemwagiwa kitu mbele ya watu. Nimefikiria sana juu ya dakika hiyo. Ningeweza kudai kwamba nililinda kanuni, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyodai. Ukweli ni kwamba kuanzia hapo, kila Jumamosi nilipofika kwenye jina lake na ukumbi ukakaa kimya, nilipiga alama ya kutofika kwa raha ndogo ambayo sikutaka kuitazama.

Hakuuliza tena. Aliteremsha mitungi, akamwagia miche kitanda baada ya kitanda, na jioni mimi niliandika katika kitabu cha mradi: "Miche ilimwagiwa maji." Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kwamba kumbukumbu huandikwa. Iliamuliwa. Ilikubaliwa. Ilimwagiwa. Mtu akisoma kitabu kile leo atadhani mvua ilikuwa ikituhurumia kila Jumamosi.

Mke wangu ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa amekuja kuchukua miche ya parachichi, akamwona msichana yule akiinua mtungi. Usiku tulipokuwa tukila aliniuliza habari zake, nikamweleza kuhusu mstari mwekundu. Akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo wewe unaandika wenye wameketi," alisema.

"Naandika waliofika."

"Sawa, baba. Lakini miti haijui kuketi ni nini."

Nikamwambia mambo ya ofisi hayajui. Alikuwa ameishi nami muda mrefu, kwa hiyo alirudi kwenye sahani yake.

Mwaka ulipoelekea mwisho, shirika likaleta habari njema. Shamba moja la maua Naivasha lilikuwa tayari kupokea kijana mmoja kutoka kikundi chetu, limfundishe kazi ya kuotesha na kupandikiza, limpe mahali pa kulala, na akifanya vizuri limwajiri. Kwa vijana waliokuwa wakizunguka mji huu na vyeti vyao ndani ya bahasha, hiyo ilikuwa kama mlango kufunguka ukutani. Na hakuna aliyebishana mlango huo ulikuwa wa nani. Hata wavivu walisema hivyo. Kazi ni ya miche. Aliyeiweka miche hai ni mmoja.

Ila shirika lilikuwa na utaratibu wake. Lilikuwa limechoka na wenyeviti waliopeleka wadogo zao. Kwa hiyo mtu atachaguliwa kwa rejista: aliyehudhuria zaidi ndiye atakayekwenda. Mgeni kutoka makao yao atakuja mwenyewe kukisoma kitabu.

Mwenyekiti alinijia kibandani kwa muuza magazeti, mahali nilipozoea kusoma bila kununua.

"Mzee, hii kitu ni ya yule dada. Sote tumekubaliana."

"Mgeni atasoma rejista."

"Ndiyo nasema. Alama ya X ukiiongezea mkia kidogo inakuwa tiki. Kalamu ni yako, kitabu ni chako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Hapo ndipo katibu wenu wa kwanza alipoanzia."

Akavuta pumzi. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kwa mara ya kwanza. "Yule aliandika mtu hakuwepo," alisema. "Wewe unakataa kuandika mtu alikuwepo. Sasa mzee, hebu niambie, mtu wa kusoma hicho kitabu ataona tofauti gani?"

Nilimwambia watafute karani mwingine. Nilijua hawana.

Siku mbili hivi baadaye mama wa msichana alikuja nyumbani. Ilikuwa alasiri, wakati wa biashara yake, nami nilielewa ameacha jiko lake kwa mtu. Nguo zake zilinuka moshi wa makaa. Alileta mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, akampa mke wangu, kisha akaketi mbele yangu na kufunga mikono.

"Baba, mimi sikusoma sana," alisema. "Nielezee pole pole. Huyu mtoto wangu ako kwa hiyo kitabu ama hayuko?"

"Yuko, mama. Jina lake limo."

"Liko na nini?"

"Lina alama ya kutofika."

"Na maji yenye miti ilikunywa ilifikaje?"

"Hayo yamo kwenye kitabu kingine."

Alinitazama muda mrefu. Si kwa hasira; alikuwa akinichunguza kama mtu anayenunua ng'ombe na kutaka kujua kama ni mgonjwa au ni mvivu tu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na yale mahindi mkononi, hayaweki chini. Nadhani ni macho yake yaliyonifanya niseme nilichosema.

"Sikiliza, mama. Kitabu siwezi kukigusa. Lakini mgeni akija, nitamweleza kwa mdomo. Nitamwambia huyu ndiye aliyekuwa akileta maji, na ndiyo maana hakuwepo."

Uso wake ulifunguka. "Hiyo tu, baba," alisema. "Sijaomba uandike uongo. Neno lako linatosha. Wote wanakujua."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili alipoondoka. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vya moto, kana kwamba bado viko juu ya jiko.

Mgeni alifika Jumamosi. Ningependa kusema ilikuwa siku nyingine, lakini ilikuwa Jumamosi, na msichana hakuwepo ukumbini kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ameondoka mapema kuliko kawaida. Alitaka mgeni aikute miche imenyweshwa, majani yanang'aa.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulisali, nikasoma majina, nikapiga mstari mwekundu mbele yake. Kisha akaomba rejista na kuifungua tangu ukurasa wa kwanza. Alikuwa akifunua kwa ncha ya kidole, na kadiri alivyoendelea, ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa.

"Mzee," alisema mwishowe, "mimi nimetembea na vikundi tangu nianze kazi hii. Sijaona rejista safi kama hii. Hakuna kufutwafutwa. Hakuna tiki iliyoongezwa. Hii ningeipiga picha niwaonyeshe wengine."

Na akaipiga picha kweli. Vijana wakapiga makofi. Nilisimama pale katika koti langu la harusi za watu, na baada ya miaka yote ya dirisha dogo na matusi ya mafundi, nikahisi kwamba hatimaye mtu ameona. Lazima niliseme hili wazi, maana ndilo jambo lenyewe: nilikuwa na furaha.

Kisha mgeni akakifunga kitabu, akaweka mkono juu yake, akaniuliza: "Kabla sijaandika jina. Kuna yeyote hapa ambaye kitabu hiki kimemkosea? Mtu ambaye ningepaswa kumjua na haonekani humu?"

Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufunguliwa mlango kwa upana namna ile. Sikuhitaji hata kuanzisha maneno. Na wakati huohuo, kupitia dirisha, nikasikia lile gurudumu likilia chini ya kilima. Ukumbi mzima ulilisikia. Mwenyekiti akafungua mdomo, lakini mgeni akainua kiganja: "Ngoja. Nimemuuliza katibu."

Nikakitazama kitabu chini ya mkono wake. Niliwaza: nikisema kimemkosea mmoja, atauliza kimewakosea wangapi. Ataifuta ile picha.

"Hakuna, madam," nikasema. "Kila kitu kiko hapo."

Akachaguliwa kijana mmoja aliyeketi siku zote karibu na mlango. Hakuwahi kukosa. Aliitikia "Niko," akala mandazi yake, akasikiliza, akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa ameomba. Jina lake liliposomwa aligeuka kumtazama mwenyekiti kana kwamba anaomba msaada. Nasikia yuko Naivasha hadi leo, amepewa watu wa kusimamia, ana mke na watoto. Kila Krismasi hunitumia salamu, ananiita mzee wake. Salamu hizo huniuma, lakini hilo si kosa lake.

Mgeni alikuwa ameshaondoka gurudumu lilipofika uani. Nilitoka nje. Sijui kwa nini nilitoka. Labda nilitaka asisikie kwa wengine. Alikuwa amesimama katikati ya mitungi, jasho likimtiririka shingoni, akanisoma usoni kabla sijasema.

"Mzee, ulimwambia?"

"Kitabu kilimwambia."

Nilitarajia matusi, na naamini nilikuwa nimejiandaa kuyapokea, kwani yangenirahisishia. Badala yake alinyanyua mtungi wa kwanza, akaenda kwenye kitanda cha kwanza, akamwagia. Akamwagia vitanda vyote, taratibu, bila kuruka hata mfuko mmoja, mpaka mitungi ikaisha. Akairudisha mitungi kwenye mkokoteni, akaurudisha mkokoteni kwenye banda la kanisa, akanawa miguu, akaondoka. Hakurudi tena kikundini.

Kilichofuata mtu yeyote angekitabiri isipokuwa karani. Jua lilikuwa kali mwezi ule. Mwenyekiti akapanga zamu ya maji, akasoma majina, wote wakakubali. Jumamosi ikafika, na kila mtu mwenye zamu alikuwa ameketi ukumbini, mapema, amekunja mikono. Nikasoma rejista, wote wakaitikia. Hayakuwahi kutokea mahudhurio kamili namna ile. Walikuwa wameona kinachompata mtu anayekwenda kuchota maji. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nyuma ya ukumbi mukima ilianza kukunja majani, kisha parachichi, kisha hata ile miti ya kienyeji ambayo husemwa haifi. Niliandika: "Miche ilikauka."

Kikundi hakikukaa sana baada ya mradi kufa. Mwenyekiti alirudi kwenye vichwa vya watu. Ninyolewapo kwake sasa hunyoa vizuri, hunihudumia kwa heshima, ila hazungumzi. Vitabu vilibaki kwangu kwa kuwa hakuna aliyevitaka.

Msichana alikaa mwaka hivi akimsaidia mama yake kwenye njia panda. Kisha nikasikia wakala fulani amempeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Nilisikia pia mambo mengine, kwamba mwajiri wa kwanza alimchukulia simu na pasipoti, kwamba mama alikaa miezi hajui kama mtoto yuko hai, na kwamba baadaye alipata nyumba nyingine yenye nafuu. Hayo yote niliyasikia sokoni, nikiwa nimesimama nyuma ya watu, nikijifanya nachagua nyanya.

Mke wangu alikufa msimu wa mvua uliopita. Katika kupanga vitu vyake nilikuta rejista chini ya sanduku, safi kama siku ile. Nilikaa nayo siku kadhaa. Mwishowe nikafanya nilichokuwa nimeapa sitafanya. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapitia kila Jumamosi ya mwaka ule, na mbele ya jina lake nikaandika, kwa mwandiko wangu wa stoo: alikuwa akichota maji ya kikundi. Kila mahali nikatia sahihi. Kisha nikaifunga kwa gazeti, nikavaa koti, nikashuka hadi njia panda. Nilikuwa nimeamua kumwambia mama neno moja la kuomba radhi. Nililifanyia mazoezi njia nzima.

Alikuwa palepale, amezeeka, anageuza mahindi kwa vidole bila kuungua. Alinijua. "Karibu, baba," alisema, akanisogezea kiti cha mbao. Nikafungua gazeti nikampa rejista, nikamwonyesha maandishi mekundu, ukurasa baada ya ukurasa, nikamsomea. Alisikiliza yote. Magari ya Eldoret yalipita na kutumwagia vumbi, naye akakifunika kitabu kwa leso kisichafuke.

Nilipomaliza aliuliza: "Sasa hii niipeleke wapi, baba?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, kama kuna ofisi.

Hapo simu yake ikalia. Ilikuwa saa ambayo bibi wa nyumba kule Uarabuni hulala, na msichana hupata nafasi ya kupiga. Mama akapokea, akaongea, akacheka, kisha akasema: "Kuna mtu hapa ameketi. Yule karani wenu."

Nikaisikia sauti kutoka mbali: "Karani gani? Wa rejista? Kwani bado ako hai? Mpatie!"

Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Sasa, mzee! Bado unafunga kitabu?"

"Nilishaacha," nikasema.

"Na ile mukima niliipanda kando ya ukuta wa kanisa, ile moja tu. Hiyo iliishi?"

Mti huo nilikuwa nimeuona kwa macho yangu ukikatwa, siku walipopanua ukumbi. Lile neno nililolifanyia mazoezi lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikasema: "Iko. Imekuwa mti mkubwa. Watu wanapumzika chini yake."

Mama yake aliacha kugeuza mahindi.

"Mzee," msichana akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu, na hilo ndilo lililonimaliza, "mama aliniambia iliangushwa kitambo. Hata wewe siku hizi unapika?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yake mtu akaita kwa lugha nisiyoijua, kwa ukali. "Naitwa," alisema. "Kaa salama, mzee." Simu ikakata.

Mama alinipa hindi moja, akakataa nilipe. Alinirudishia rejista pia, akaifunga vizuri kwa lile gazeti, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiweka pasipo na moshi. Nikapanda kilima nikiwa nimeikumbatia. Neno nililotoka nalo nyumbani lilikuwa moja, fupi, hata mtoto anaweza kulitamka, na nilirudi nalo.